Tarehe ya mteja itoke kwenye daftari

Swali: Nina karakana ya samani za kuagiza na mafundi wanne. Wateja nawapokea vizuri, nawasikiliza mpaka wamalize, na kazi zetu zikitoka huwa nzuri. Tatizo ni miadi. Karibu nusu ya kazi hutoka baada ya siku niliyosema. Simu za kuulizia zimekuwa nyingi kuliko za kuagiza, na mteja mmoja ameniita mwongo mbele ya mafundi wangu. Nimeweka sanduku la maoni mlangoni, halijawahi kupata karatasi hata moja. Nifanyeje ili nijue wateja wanataka nini, na ahadi zangu zishike?

Jibu: Ndugu, kwa ulivyoeleza, adabu unayo na ufundi upo. Unachokosa ni hesabu ya kazi, na kwa kuwa hesabu haipo, kusikiliza kwako hakukusaidii siku ya miadi. Umeuliza mambo mawili, kusikia na kutimiza, lakini ndani ya karakana hayatengani. Ulichokisikia nusu hukitimizi, na ulichokisikia chote hakitimii kama tarehe uliyoitaja haikuwa na msingi. Tuanze na tarehe, maana ndiyo inayokuumiza sasa.

Tazama namna unavyoitoa. Mteja anauliza, "Itakuwa tayari lini?" Unaona ana haraka, unamjibu, "Wiki mbili." Hizo wiki mbili zimetoka wapi? Kwa kawaida hutoka kwenye uso wa mteja, kwenye hofu kwamba ataenda kwa mwingine, na kwenye kumbukumbu ya kazi moja iliyowahi kwenda vizuri. Uso, hofu na kumbukumbu havijui kuna kazi ngapi sakafuni. Ahadi ya namna hiyo inavunjika siku ileile unayoitoa. Siku ya miadi mteja anapata habari tu.

Tarehe ya kweli hupatikana kwa kugawanya. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ambayo leo hutumika kuanzia hospitalini hadi viwandani: idadi ya kazi zilizomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia kwake ukizidisha kwa muda ambao kazi moja hukaa. Igeuze ikufae. Hesabu oda zote zilizokubaliwa na hazijakabidhiwa, hata zile ambazo hazijaguswa. Kisha hesabu ulizokabidhi katika wiki 8 zilizopita. Tuseme ndani kuna oda 18, na katika wiki 8 umekabidhi 24, yaani 3 kwa wiki. Kumi na nane gawanya kwa tatu ni sita. Mteja anayeingia leo atasubiri wiki 6 hivi akifuata foleni. Ukimwambia wiki mbili, umemwahidi jambo ambalo karakana yako haiwezi kulifanya bila kumruka mtu mwingine, na huyo wa kurukwa naye ana ahadi yako mkononi.

Hesabu hiyo ni ya kuanzia, kwa sababu kitanda kimoja na kabati la ukuta mzima si kazi sawa. Ukishaizoea, acha kuhesabu oda, hesabu siku za fundi. Kila oda iandikie makadirio: hii siku 4 za fundi mmoja, ile siku 11. Mafundi wanne kwa siku sita za wiki ni siku 24 kwenye karatasi, lakini usizitumie hizo 24. Jumlisha makadirio ya kazi zilizokamilika kila wiki kwa miezi miwili iliyopita, nawe huenda ukakuta karakana inatoa siku 16 au 17. Zilizobaki hazikupotea kwa uvivu. Zimekwenda kupima nyumbani kwa wateja, kurekebisha droo iliyokwama, kusubiri mbao, kunoa vyuma, kufungasha, kupeleka, na siku fundi alipougua. Zitaondoka tena mwezi ujao. Kama foleni ina jumla ya siku 80 za fundi na wewe unatoa 16 kwa wiki, kazi mpya itaanza baada ya wiki 5. Ongeza muda wake yenyewe, kisha ongeza siku za kukauka gundi na vanishi, ambazo hazipungui hata ukiajiri mafundi kumi.

Usiijaze karakana mpaka ukingoni. Wenye karakana wengi huona fahari kila fundi akiwa na kazi kila saa, na hapo ndipo miadi inapofia. Mchukue fundi mmoja anayepokea kazi zinazoingia bila mpangilio na zisizolingana ukubwa. Hesabu za foleni zinaonyesha kwamba akiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, kazi mpya husubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuifanya. Akifika asilimia 90 inakuwa mara 9, na akifika 95 inakuwa mara 19. Mafundi wanne wanaosaidiana husubirisha kidogo kuliko hivyo, lakini mwendo ni uleule: ukikaribia kujaa, muda wa kusubiri hauongezeki taratibu, unaruka. Acha karibu sehemu moja kwa tano ya wiki bila kuiuza mapema. Itajazwa na marekebisho, na wiki ikiwa nzuri utaitumia kuwahisha oda inayofuata.

Makadirio yenyewe nayo usiyaamini kwa wepesi, hata yakitoka kwa fundi mzoefu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba mtu akikadiria kazi yake huwaza jinsi itakavyokwenda, hakumbuki zilizopita zilikwendaje. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa saikolojia watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Walipoambiwa wakadirie mambo yote yakienda vibaya, walitaja karibu siku 49. Muda halisi ulikuwa siku 55 na nusu. Yaani hata makadirio ya balaa yalizidiwa.

Dawa yake ni kukadiria kwa kutazama nyuma. Chukua oda 20 za mwisho zinazofanana kwa aina. Kwa kila moja andika idadi ya siku kutoka malipo ya kwanza hadi kukabidhi, kisha zipange kuanzia fupi hadi ndefu. Hesabu mpaka ya 17, na siku za hiyo ya 17 ndizo utakazozitamka kwa mteja, kwa sababu oda 17 kati ya 20 zilitoka ndani ya muda huo. Usitamke muda wa katikati. Ukiahidi muda wa katikati, nusu ya oda zitachelewa, na hiyo nusu umeitaja mwenyewe kwenye swali lako. Huenda makadirio yako si mabaya sana, ila unatamka namba isiyostahili kutamkwa.

Utauliza: je, nikisema wiki sita si wataondoka? Baadhi wataondoka, na waache waondoke. Mwenye sherehe baada ya wiki tatu hakufai wewe leo, na kumwambia hivyo mapema ni kumtendea haki, maana bado ana muda wa kutafuta pengine. Ukimshika kwa tarehe ya uongo utamkosa yeye na utawachelewesha wengine wawili. Anayebaki baada ya kusikia wiki sita amebaki kwa jambo la kweli.

Sasa nigusie usilouliza, ambalo katika karakana nyingi ndilo chanzo hasa cha kuchelewa: fedha ya kianzio. Mteja wa tatu analipa nusu. Fedha hiyo inanunua mbao za mteja wa pili, ambaye kianzio chake kilikwenda kumalizia kazi ya wa kwanza. Mteja wa tatu sasa anamsubiri wa nne alete fedha, na hakuna aliyemwambia. Kwa nje fundi anaonekana mvivu, kumbe kazi haiwezi kuanza kwa kuwa hakuna mbao, na mbao hazinunuliki kwa kuwa fedha imeshaliwa na kazi nyingine. Hali hii ina dalili iliyo wazi: oda mpya zikipungua hata kwa wiki mbili, kazi za zamani nazo zinasimama. Watu husema ahadi ni deni. Hapa ni deni la fedha kabisa, halilipiki kwa kukesha na randa.

Pima ukubwa wa shimo kwanza. Jumlisha vianzio vyote ulivyopokea kwa oda ambazo hazijaanza. Ondoa thamani ya vifaa vyake vilivyomo stoo, ondoa na fedha taslimu uliyo nayo kwa ajili ya oda hizo. Kinachobaki ndicho umekikopa kwa wateja bila wao kujua. Shimo hilo lizibwe kwa faida ya kazi zinazokamilika: kila malipo ya mwisho yakiingia, tenga sehemu maalumu, kwa mfano moja kwa tano, mpaka liishe. Kulifukia kwa vianzio vipya ni kulichimba zaidi. Na kwa oda zijazo, kila moja iwe na ukurasa wake wenye safu tatu: kilichopokelewa, kilichonunuliwa, kilichobaki. Kianzio kisiwe chini ya gharama ya vifaa vyote vya oda hiyo, na vifaa vikuu vinunuliwe ndani ya siku tatu na kuandikwa namba ya oda kwa chaki. Mbao yenye namba haichukuliwi kwa kazi nyingine, hata kwa "kuazima tu". Kuazima mbao ndiko kunakoharibu stoo nyingi.

Kuna pia ahadi zako zinazosimama juu ya ahadi za watu wengine: muuza mbao, mkata vioo, mwenye gari. Kwa mbao ongeza uangalifu. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba ubao unaokaushwa kwa hewa unahitaji takribani mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na samani za ndani kwa kawaida hutaka mbao yenye unyevu wa asilimia 6 hadi 12, kutegemea hali ya hewa ya mahali. Ukiwa na haraka ya miadi ukatumia mbao mbichi, tarehe utaiwahi, lakini baada ya miezi michache mlango utapinda, viungo vitaachia, na mteja atapiga simu kwa sauti ambayo kuchelewa kwa wiki moja kusingeisababisha. Kipima unyevu kidogo cha mkononi kinalipa gharama yake haraka. Kama vifaa havijawa stoo, usitoe tarehe ya kukabidhi. Toa tarehe ya simu: "Alhamisi saa nne asubuhi nitakupigia kukwambia kama bawaba zimefika, na hapo ndipo nitakupa siku." Hiyo ni ahadi unayoiweza kikamilifu, kwa sababu haimtegemei mtu mwingine. Ukiishika, mteja anaanza kukuamini kabla hujapasua ubao hata mmoja.

Twende kwenye kusikiliza. Umesema unawasikiliza mpaka wamalize. Hiyo ni heshima, lakini haitoshi kwa kazi ya kuagiza, kwa kuwa mteja hamalizi. Hataji yale anayodhani unayajua. Anasema "kabati kama la kwenye picha hii," na kichwani mwake kabati hilo linapita mlango wa chumbani, linafungwa ukutani na mafundi wako, lina kufuli, na vanishi yake haina harufu siku linapoingia. Hakuna kati ya hayo kinachoonekana kwenye picha. Siku ya kukabidhi yakikosekana, kwake yeye umevunja ahadi, ingawa hukuitamka.

Kwa hiyo maswali yawe yako, na yaelekee kwenye matumizi kabla ya umbo. Kitakaa wapi, na kitapita mlango na ngazi zenye upana gani? Nani atakitumia, na ataweka nini ndani? Cha zamani kiliharibika nini? Hili la mwisho lina utajiri mkubwa. Mtu ambaye rafu zake zilipinda kwa uzito wa vitabu hatakwambia anataka rafu nene, atasema tu anataka kabati "imara". Umuulize imara namna gani, akusimulie, ndipo unapojua kwamba rafu ndefu inahitaji nguzo katikati. Neno "imara" ukiliandika lilivyo kwenye daftari halimsaidii fundi yeyote. Vivyo hivyo "kahawia", "kubwa kidogo", "karibuni" na "mwisho wa mwezi". Rangi ionyeshwe kwenye kipande cha mbao ya aina ileile itakayotumika, kwa kuwa vanishi moja hutoa rangi tofauti juu ya mbao tofauti. Kipande kikatwe nusu mbili, moja aondoke nayo, nyingine ibaki na namba ya oda. Vipimo vichukuliwe na wewe au fundi wako, kwa upana vipimwe juu, katikati na chini, maana kuta nyingi hazijanyooka. Vipimo vya mteja mwenyewe ni vya kutolea bei tu.

Kisha msomee. Usimuulize "tumeelewana?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Msomee kwa sauti ulichokiandika, mstari kwa mstari, pamoja na visivyomo: usafiri haumo, kufunga ukutani kumo, kioo hakimo. Msomee pia tarehe kwa jina la siku, na saa ya kuanzia na ya kuishia. Atakatiza mahali fulani aseme "hapana, nilimaanisha…" Hapo ndipo kusikiliza kunapofanyika hasa. Asipokatiza hata mara moja, rudia sehemu ya matumizi, huenda amechoka. Weka sahihi zenu wote wawili, abaki na nakala, na nakala nyingine iende kwa fundi atakayeifanya kazi. Maelezo yakimfikia fundi kwa mdomo, jioni ya pili yameshabadilika.

Mteja akibadilisha jambo katikati ya kazi, na atabadilisha, usikubali palepale kwa kichwa. Andika badiliko kwenye karatasi ileile, taja linaongeza siku ngapi na gharama gani, akubali ndipo lianze. Kazi nyingi zilizochelewa zilichelewa kwa ombi dogo la mteja ambalo mwenye karakana aliona haya kulihesabu. Mteja hakumbuki kwamba alibadilisha, anakumbuka tarehe ya kwanza.

Sanduku lako la maoni. Kuwa tupu hakumaanishi watu wameridhika. Mchumi Albert Hirschman alieleza mwaka 1970 kwamba asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kusema. Kusema kuna gharama: muda, aibu, na wasiwasi kwamba hakutabadilisha kitu. Kuondoka hakuna kelele. Sanduku linamtaka mteja abebe gharama zote hizo, tena amesimama mlangoni mwako. Liondoe. Badala yake, beba gharama wewe: piga simu siku ya 3 baada ya kukabidhi, na tena baada ya wiki 6. Ya kwanza inakamata mikwaruzo ya usafiri na bawaba zilizolegea. Ya pili inakamata mbao zilizojikunja na droo zilizoanza kukwama, mambo ambayo mteja angeyavumilia kimya huku akikutaja vibaya kwa jirani zake.

Usiulize "umeridhika?" Mwaka 1954 mwanasaikolojia John Flanagan alieleza mbinu ya kuwauliza watu kuhusu tukio moja mahususi badala ya maoni ya jumla, na ndiyo njia inayofaa hapa. "Mara ya mwisho ulipoifungua ile droo ya chini, ilikwendaje?" "Tangu siku ulipolipa hadi tulipoleta, ni wakati gani ulikuwa na wasiwasi?" Swali hili la pili lina thamani kubwa kwa tatizo lako, kwa sababu litakuonyesha siku hasa ambapo mteja alianza kukutilia shaka. Mara nyingi ni kabla ya miadi, siku alipopiga simu na aliyepokea akamjibu "ngoja nimuulize fundi" kisha asirudishe jibu. Andika maneno yake alivyoyasema, usiyatafsiri kuwa "analalamikia huduma". Na apige mtu ambaye hakuifanya kazi hiyo, maana watu wanaona vigumu kumlaumu fundi sikioni. Wapigie pia wachache waliopewa bei wasirudi. Hawa hawana cha kukuficha.

Utafiti wa A. Parasuraman, Valarie Zeithaml na Leonard Berry, ulioanza kuchapishwa mwaka 1985, uligawa ubora wa huduma katika mafungu, na baadaye wakabaki na matano: kutegemeka, wepesi wa kuitikia, uwezo na heshima inayojenga imani, kumjali mteja mmoja mmoja, na mwonekano wa vitu. Walipowapima wateja, kutegemeka, yaani kufanya ulichosema utafanya, ndiko kulikowekwa mbele. Kwa hiyo kabla hujapaka rangi chumba cha mapokezi, shughulikia miadi.

Hata ukifuata haya yote, oda 3 kati ya 20 bado zitachelewa, maana ndivyo tulivyopiga hesabu. Jambo la kulinda ni kwamba mteja asiwe wa kwanza kugundua. Weka siku mbili za ukaguzi kila wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi, upite na daftari kila meza. Kanuni iwe rahisi: nusu ya muda ikiisha na kazi haijafika nusu, simu inapigwa siku hiyohiyo. Mafundi hawatapenda kusema wamechelewa. Ukimkaripia anayesema mapema, wiki ijayo atanyamaza, nawe utajua siku ya mwisho pamoja na mteja. Mshukuru aliyewahi kusema, na uonyeshe mbele ya wenzake kwamba umemshukuru.

Simu yenyewe ipigwe na aliyetoa ahadi, kwa sauti. Ujumbe wa maandishi ufuate baadaye kama kumbukumbu. Sema jambo lilivyo kwa sentensi moja, bila hadithi ya mwenye gari na shangazi yake. Taja tarehe mpya. Eleza umebadilisha nini ili tarehe hiyo isiponyoke. Kisha mpe uchaguzi: asubiri, achukue kilicho tayari kwanza, au arudishiwe fedha yake. Tarehe mpya ndiyo hatari kuliko yote, kwa sababu aibu hukusukuma useme "kesho kutwa". Usifanye hivyo. Tumia daftari tena na uongeze siku za akiba, maana kuvunja ahadi ya pili kunaharibu kuliko ya kwanza. James Maxham na Richard Netemeyer, katika utafiti wa mwaka 2002 uliowafuatilia walalamikaji kwa miezi kadhaa, walikuta kwamba mteja akikosewa mara moja na kushughulikiwa vizuri anaweza kukuona bora kuliko kabla, lakini akikosewa mara ya pili faida hiyo haipatikani, hata ukimshughulikia vizuri tena. Una nafasi moja ya kurekebisha, usiitumie kwa kubahatisha.

Na habari unazompa mteja kabla ya siku ya miadi nazo zina kazi. Mtaalamu wa usimamizi David Maister aliandika mwaka 1985 kwamba kusubiri kusiko na maelezo na kusiko na kikomo huonekana kurefu kuliko kusubiri kunakoeleweka. Tuma picha mbao zikikatwa na picha kabla ya vanishi. Picha mbili kwa oda zinatosha kupunguza simu za kuulizia, ambazo sasa zinawaondoa mafundi wako mezani na kuchelewesha kazi zilezile zinazouliziwa.

Wengi hukimbilia kufidia kuchelewa kwa kuongeza kitu: stuli ya bure, punguzo. Fidia halali ilipwe, lakini usijenge biashara juu ya kuzidisha. Ayelet Gneezy na Nicholas Epley walionyesha mwaka 2014 kwamba watu huumia ahadi inapovunjwa na hufurahi inapotimizwa, ila kuizidi hakuongezi shukrani ya maana. Siku mbili ambazo fundi angetengeneza stuli ya zawadi ni heri zitumike kuzuia oda inayofuata isichelewe.

Kipimo chako kiwe kimoja tu: kati ya oda zilizokabidhiwa mwezi huu, ngapi zilitoka siku ya kwanza iliyoahidiwa au kabla yake. Ya kwanza, si ile uliyosogeza. Ukipima kwa tarehe zilizosogezwa utapata asilimia nzuri na wateja walewale wenye hasira. Pembeni mwa kila iliyochelewa andika sababu kwa maneno machache. Mwisho wa mwezi chukua sababu iliyojirudia zaidi uiulize "kwa nini" mara kadhaa, kama walivyozoea kufanya Toyota, mpaka ufike mahali unapoweza kubadilisha kitu. "Bawaba zilichelewa" haitoshi. Kwa nini? Ziliagizwa wiki ya mwisho. Kwa nini? Huagizwa kabati likisimama. Basi ziagizwe siku ya kianzio, na hilo limekwisha. Sababu moja kwa mwezi inatosha.

Kesho asubuhi, kabla ya yote, zishughulikie oda zilizomo ndani. Simamisha kupokea mpya kwa wiki moja au mbili, isipokuwa anayekubali kwa moyo mweupe tarehe ya mbali. Ziorodheshe zote kwa mpangilio wa tarehe ya kwanza iliyoahidiwa, na umalize kwa mpangilio huo. Ukimpa nafasi anayepiga kelele zaidi, unawafundisha wote wapige kelele. Wapigie wote ndani ya siku mbili, ukianza na aliyecheleweshwa zaidi, hata kama ni yule aliyekuita mwongo. Yeye hasa usimtumie kijana wa mapokezi. Mpe tarehe iliyotoka kwenye daftari, na kama hesabu inasema wiki nne, sema nne. Usiwaweke mafundi wote wanne kwenye kazi zote kwa pamoja. Kazi moja ikamilike na kutoka kabla nyingine haijafunguliwa, fundi mmoja au wawili kwa oda, kwa sababu makabati sita yaliyofika nusu hayampunguzii mteja yeyote kusubiri, na yanakula nafasi ya kupakia vanishi. Kila oda ikitoka, andika siku yake pembeni mwa tarehe ya kwanza. Ukifikisha oda 20 za namna hiyo utakuwa na orodha ya kuhesabia mpaka ya 17, na utaacha kuitumia ile ya zamani.